Gari la Haibridi: Kasi Yake na Mienendo ya Kila Siku Barabarani

Kwenye sehemu za kuoshea magari kando ya Naivasha Road, Kawangware, mwenye gari la haibridi huulizwa maswali mawili. La kwanza huhusu mafuta. La pili huja na tabasamu la mashaka: "Na hii inakimbia kweli?" Wengi bado huamini kwamba gari linalotumia mafuta kidogo lazima liwe goigoi, kama punda aliyelishwa nusu ya chakula.

Jibu ni kwamba linakimbia. Toyota Prius la kizazi cha tatu, lililoanza kuuzwa mwaka wa 2009, hufika kilomita 180 kwa saa. Toyota Aqua, mdogo wake aliyetoka Japani Desemba 2011 na ambaye sasa ni mgeni wa kawaida katika mitaa ya Nairobi, hufika takribani 170. Kutoka kusimama hadi kufika 100, Aqua huhitaji kama sekunde 11. Hiyo si kasi ya kushindana, lakini inatosha kumpita mtu anayelidharau.

Tarakimu hizo ni za kwenye karatasi. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara, na matatu haziruhusiwi kupita 80 hata zikiwa kwenye barabara kuu. Dereva anayeishi Kibera au Kawangware, awe wa teksi ya programu au wa gari la nyumbani, hutumia sehemu kubwa ya siku yake chini ya 50, na saa nyingine chini ya 10. Kwa hiyo kasi inayopaswa kumshughulisha ni ile ndogo, ya stejini, sokoni na getini kwa shule. Na kwenye mwendo huo mdogo ndipo gari la haibridi linapotofautiana sana na gari alilolizoea.

Gari la haibridi lina injini ya petroli na mota ya umeme. Kwenye Aqua, injini ni ya sisi 1,500 na betri inayoilisha mota imewekwa chini ya kiti cha nyuma. Aqua na Prius za kawaida hazichomekwi kwenye soketi. Betri hujazwa na injini yenyewe, na pia hujazwa kila dereva anapopunguza mwendo, kwa sababu wakati huo mota hugeuka kuwa jenereta na kuirudisha nguvu ya mwendo kwenye betri. Katika gari la kawaida, nguvu hiyo hupotea yote kama joto la breki.

Mota ya umeme hutoa msukumo wake wote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Injini ya petroli hungoja kwanza ichangamke. Ndiyo maana haibridi ndogo huchomoka ghafla kwenye mwanya wa stejini pale Kawangware 46, na dereva mgeni hushtuka kuona imeshafika nyuma ya matatu. Nairobi nayo inaongeza jambo lake. Jiji liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 17. Injini isiyo na taabo hupoteza sehemu ya nguvu zake kwa kiasi kinachokaribia hicho. Mota haivuti hewa, hivyo haipotezi kitu. Lakini asidanganyike mtu: betri ni ndogo, na katika mlima mrefu kama ule wa kupanda kutoka Mai Mahiu, chaji hupungua na injini hubaki kubeba mzigo karibu peke yake. Hapo gari huonekana kuchoka, na kulikanyagia mafuta zaidi huleta kelele zaidi kuliko mwendo.

Tatizo la mitaani ni ukimya. Prius ya kizazi cha tatu ikiwekwa kwenye umeme mtupu inaweza kwenda hadi karibu kilomita 40 kwa saa, kwa masafa mafupi, bila injini kuwaka. Sasa mtu alifikirie gari hilo likishuka kutoka Olympic kuelekea Makina saa kumi na mbili jioni. Barabara ina wauza samaki na mboga pembeni, mkokoteni wa maji, bodaboda zinazopita upande wowote uliobaki, muziki wa kinyozi, na watoto wanaotumwa dukani. Mwenda kwa miguu wa mtaa huo hajifunzi barabara kwa macho peke yake. Husikia. Matatu inajitangaza tangu mbali, lori linanguruma, pikipiki inapiga kelele yake. Mtoto huvuka akiwa ameangalia upande mmoja tu kwa sababu masikio yake yanamlindia upande wa pili. Haibridi inayokuja kwa umeme huvunja makubaliano hayo bila kumwambia mtu. Kwa mtu asiyeona, anayetegemea sauti kujua kama njia iko wazi, ni hatari zaidi.

Watengenezaji na serikali wamelijua jambo hili kwa muda. Japani ilitoa mwongozo mwaka wa 2010 kuhusu magari ya kimya, na mwaka wa 2016 Umoja wa Mataifa ukapitisha Kanuni namba 138, inayotaka magari ya namna hii yatoe sauti ya kuwaonya watu kuanzia yanapoondoka hadi yafike kilomita 20 kwa saa. Juu ya mwendo huo, mvumo wa matairi huanza kusikika wenyewe. Japani ililifanya kuwa sharti kwa aina mpya za magari kuanzia mwaka wa 2018. Mnunuzi wa Kenya, ambaye huruhusiwa kuingiza gari lisilozidi umri wa miaka minane, anaweza kupata lenye kifaa hicho au lisilo nacho, na mengi yaliyokwisha kuwa barabarani ni ya kabla ya sharti hilo. Njia ya kujua ni rahisi: mtu asimame nje, mwingine aliendeshe polepole kwenye uwanja ulio wazi huku redio ikiwa imezimwa. Kama kinachosikika ni kokoto tu, basi dereva ndiye mwenye jukumu la kuonekana. Taa za mbele ziwashwe mapema jioni, na honi ipigwe kidogo kabla ya kona iliyozibwa na vibanda. Honi ndefu ya hasira haimsaidii mtu. Hiyo huwafanya watu waruke bila kujua gari liko upande gani.

Kinachobaki ni mwendo wenyewe, na hapa hesabu ni ya darasa la msingi. Gari linalokwenda 30 kwa saa hupita mita 8 na kidogo kila sekunde. La 50 hupita karibu mita 14. Dereva aliye macho huhitaji kama sekunde moja kuona mtoto na kuhamisha mguu hadi kwenye breki. Katika sekunde hiyo, gari halijapunguza hata kidogo. Baada ya hapo, kwenye lami kavu na breki nzuri, gari la 30 husimama ndani ya mita 5 hivi, na la 50 huhitaji mita 14 nyingine. Kwa jumla, mita 13 dhidi ya mita 28.

Zoezi linalofaa ni hili. Dereva asimame kando ya Kibera Drive mahali ambapo watoto huvukia, atembee hatua ndefu 13 na kuweka alama. Kisha aendelee hadi 28. Alama ya kwanza ndipo gari la kilomita 30 linaposimama. Gari la kilomita 50, likifika kwenye alama hiyo hiyo, dereva wake ndiyo kwanza anagusa breki: bado linakwenda karibu 50. Mtoto aliyesimama hapo angeguswa na gari lenye kasi yake yote, ilhali jirani wa 30 angekuwa ameshasimama na kumkemea. Na lami ikiwa na matope au mchanga, kama ilivyo sehemu nyingi za Gatina na Kabiria baada ya mvua, mita zote huongezeka.

Faida ya kukimbia nayo ipimwe. Kilomita moja kwa mwendo wa 30 ni dakika mbili. Kwa 50 ni dakika moja na sekunde 12. Tofauti ni sekunde 48, ambazo msongamano wa Ngong Road utazimeza kabla dereva hajafika Adams Arcade. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali ya kifo hupanda kwa karibu asilimia 4. Ndiyo maana Azimio la Stockholm la Februari 2020 lilihimiza kikomo cha 30 mahali ambapo magari na wanaotembea wanachanganyika. Ni vigumu kutaja mahali panapolingana na maelezo hayo kuliko barabara inayopita Toi Market.

Bahati nzuri, mwendo huo mpole ndio unaoipa haibridi heshima yake ya mafuta. Aqua ilipotoka ilitangazwa kwa kilomita 35.4 kwa lita, kwa kipimo cha maabara cha Japani. Hakuna anayezipata hizo Nairobi, na fundi anayemwahidi mteja ajichunguze. Lakini tofauti kati ya dereva na dereva ni kubwa. Anayekanyaga breki mapema na taratibu anapoona tuta huirudisha nguvu kwenye betri; anayefika juu ya tuta ndipo akanyage kwa nguvu huilazimisha breki ya kawaida kufanya kazi, na anachochoma ni pesa. Matairi yenye upepo pungufu hula mafuta kimyakimya. Kwenye barabara kuu mambo hugeuka: upinzani wa hewa kwa mwendo wa 110 ni karibu maradufu ya ule wa 80, na hakuna breki za mara kwa mara za kuijaza betri.

Tabia moja ya madereva wa zamani inafaa kuachwa kabisa, nayo ni ya kutia gia ya N. Wengi hufanya hivyo kwenye foleni, au hushuka mteremko hivyo wakiamini wanaokoa mafuta. Kwenye haibridi za Toyota, gari likiwa N betri haipati chaji. Dereva akikaa muda mrefu hivyo na kipoza hewa kikiwaka, betri huisha nguvu. Gia ya D na mguu kwenye breki inatosha. Ile ya B ni ya mteremko mrefu, si ya kuendeshea kila siku.

Mambo mawili ya nyumbani yamewahi kuwaponyoka hata madereva makini. Karibu na kiti cha nyuma kuna tundu la hewa ya kupoza betri, na lina feni ndani. Mizigo ikirundikwa juu yake, au vumbi la mtaani likiliziba, betri hupata joto na kuchakaa mapema. Lisafishwe na fundi anayezijua nyaya za rangi ya chungwa, kwa kuwa hizo hubeba umeme wa nguvu kubwa na si za kuguswa na mtu wa kubahatisha.

La pili ni neno READY kwenye dashibodi. Neno hilo likiwaka, gari liko tayari kuondoka hata kama ni kimya kabisa. Mzazi anayeshuka dakika moja kununua mkate, akamwacha mtoto ndani akidhani amezima, amemwachia gari lililo tayari kuondoka. Kabla ya kufungua mlango: gia ya P, breki ya mkono, kitufe cha kuzimia kibonyezwe, na macho yahakikishe neno limetoweka.