Volani Inapocheza: Tutafute Mahali Kabla ya Kukaza



Wengi wetu hapa hatusomi mekaniki. Wengine wako pedagojia, wengine bio-kemi, wengine biashara. Lakini hakuna hata mmoja kati yetu asiyepanda gari. Tunatoka Beni, Oicha, Kyondo, Lubero na Kasindi, na mwanzoni mwa mwaka wa masomo tunajazana ndani ya gari za zamani ambazo zilifika kwetu zikiwa zimekwisha kuchoka kwa wenyewe wa kwanza. Kwa sababu hiyo nimeomba nafasi katika gazeti letu nieleze ugonjwa mmoja wa gari hizo. Mimi wakati wa likizo ninasaidia katika garaji ya baba yangu mdogo hapa Butembo, na ugonjwa huu ninauona karibu kila juma.

Mafundi wanasema: volani inacheza. Maana yake ni kwamba shofere anageuza usukani kidogo, kuume ao kushoto, na magurudumu ya mbele hayajatii. Mikono imekwisha kwenda, gari bado. Tusichanganye jambo hili na mengine yanayofanana nalo. Gari inayovuta upande mmoja siku zote, mara nyingi iko na mpira mmoja usiojaa upepo, ao freni inayoshika, ao magurudumu yasiyolingana. Volani inayotetemeka gari ikifika mwendo fulani, hiyo nayo mara nyingi ni jambo la mipira na jante. Volani inayocheza haivuti wala haitetemeki. Inakaa mikononi kama kitu kisichofungwa, na shofere anaanza kuizungusha huku na huku bila kukoma, hata mahali barabara imenyoka. Abiria anaweza kuona jambo hili akiwa amekaa nyuma, bila kujua lolote la mekaniki.

Je, mchezo kiasi gani ni mwingi? Hakuna gari isiyo na mchezo kabisa, hata mpya. Tunapima hivi. Simamisha gari mahali pa sawasawa, magurudumu yaelekee mbele. Kama direksio ni ile inayosaidiwa na mafuta, washa mota kwanza, kwa maana mota ikizimika kipimo kitakudanganya. Weka alama ya chaki juu ya ukingo wa volani, shika rula karibu yake, kisha geuza polepole kwa vidole viwili mpaka gurudumu la mbele lianze kusogea. Mwenzako atazame gurudumu na kusema “hapo!” Vitabu vya Toyota, kwa gari ndogo, vinaweka mpaka wa 30 mm. Volani yenye kipenyo cha 40 cm iko na mzunguko wa karibu 126 cm. Basi 30 mm ni karibu digrii 9. Nimeona gari zinazobeba watu zikiwa na 10 cm, ndiyo kusema karibu digrii 29, na shofere anasema amekwisha kuzoea.

Sasa tuingie katika kiini. Tangu mikono ya shofere mpaka udongo wa barabara kuna viungo vingi vinavyofuatana. Kuna mti wa volani pamoja na kardani yake ndogo. Kuna bwati ya direksio iliyofungwa juu ya sasi. Kutoka katika bwati unashuka mkono wa chuma, na mkono ule unasukuma vyuma virefu vyenye rotili katika ncha zake. Rotili ni kichwa cha mviringo ndani ya kikombe, kama vile kiungo cha paja letu ndani ya nyonga. Mwishoni kuna pivo na rulema za gurudumu. Kila kiungo kinaweza kulika, na mchezo tunaousikia juu ya volani ni jumla ya michezo yote iliyo chini.

Tena bwati inazidisha. Mwalimu wa fizika ametazama hesabu hii nami. Tuseme bwati inapunguza mara 20, yaani volani ikizunguka digrii 20 gurudumu linageuka digrii 1. Tuseme tena rotili inashika mkono wa gurudumu wenye urefu wa 15 cm. Rotili ikilika 1 mm tu, gurudumu linaweza kuyumba karibu digrii 0.38. Zidisha mara 20, unapata digrii 7.6 juu ya volani, na kwa volani ya 40 cm hiyo ni karibu 27 mm. Mnaona? Milimita moja tu, tena katika rotili moja tu, imekwisha kumaliza karibu mpaka wote wa kitabu. Halafu gari nyingi ziko na rotili nne, tano, sita.

Kwa hiyo ninashangaa nikiona fundi anafungua boneti na kwenda moja kwa moja kwenye ile buloni ndogo iliyo juu ya bwati. “Kaza tu, itaisha,” anasema. Buloni ile ipo, na kazi yake ni ya kweli, lakini inakaza meno ya ndani ya bwati tu. Haijui kitu juu ya rotili. Kama mchezo uko katika rotili, wewe unakaza mahali pazima na kuacha mahali pagonjwa.

Njia nzuri inahitaji watu wawili, na inaanza chini. Mmoja akae ndani, atikise volani kidogo kidogo, kushoto na kuume, bila kuizungusha. Mwingine alale chini ya gari, magurudumu yakiwa juu ya udongo. Ashike kila rotili, mkono nusu juu ya kikombe na nusu juu ya chuma kinachoingia ndani yake. Kama ni nzima, sehemu zote mbili zinakwenda pamoja. Kama imelika, moja inatangulia na nyingine inafuata, na vidole vinasikia hata kile ambacho macho hayaoni. Fuata mpaka kwenye bwati. Hapo tazama kama bwati yenyewe inasogea juu ya sasi. Inatokea buloni zake zimelegea, ao chuma cha sasi kimepasuka pale pale, na hapo hata bwati mpya haitasaidia. Tazama pia mti wa volani unapoingia katika bwati: kama mti unageuka na kardani ndogo inachelewa, umepata mwizi mmoja. Kama gari iligeuzwa, yaani volani ilitolewa kuume na kuwekwa kushoto ili ifae barabara zetu, chunguza kila mahali palipochomwa soda. Mimi sipendi kabisa soda juu ya mti wa volani.

Kisha inua gurudumu kwa kriki, weka na gogo ama jiwe kubwa chini ya sasi, kwa sababu kriki peke yake si ya kuaminiwa. Shika gurudumu kushoto na kuume, ulitikise. Ikicheza hivyo, mara nyingi ni rotili za vyuma vya direksio. Shika tena juu na chini. Ikicheza hivyo, ni rulema ao pivo. Ili kuzitenganisha, mwenzako akanyage freni huku wewe ukitikisa. Mchezo ukipotea, ni rulema. Ukibaki, ni pivo. Sijui njia nyingine rahisi kuliko hii, na haiombi chombo chochote.

Gari ndogo kama Corolla za miaka ya 1990 haziko na bwati ya namna ile, ziko na kremayeri, chuma chenye meno kinachosogea kushoto na kuume. Humo rotili za ndani zimefichwa katika mifuko ya mpira. Mfuko ukipasuka, matope na vumbi vinaingia. Katika inchi yetu ambayo mvua haikosekani kwa muda mrefu, mfuko uliopasuka haungojei mwaka.

Likizo iliyopita ililetwa Land Cruiser ya zamani. Mwenyewe alisema volani imekwisha kukazwa mara mbili mahali pengine na inazidi kucheza. Nililala chini, baba mdogo akatikisa. Rotili moja kichwa chake kilikuwa kinapanda na kushuka ndani ya kikombe. Kilikuwa kinatafuta kutoka. Mwenyewe hakutaka kungoja.

“Fundi, funga tu hivyo hivyo. Kesho asubuhi niko na watu wa kupeleka Lubero.”

“Papa, hapana.”

“Nitakulipa nikirudi.”

“Papa, si mambo ya feza. Hii ikitoka, unageuza volani na gurudumu linakwenda linakotaka. Ile njia ya Lubero unaijua.”

Walibishana mpaka jioni. Mwishowe yule mzee alituma kijana wake kutafuta rotili mpya mjini, nasi tuliifunga usiku kwa mwanga wa torchi. Mchezo ulishuka toka 9 cm mpaka 4. Hapo ndipo baba mdogo aligusa ile buloni ya bwati, kwa mara ya kwanza.

Nieleze na namna ya kuigusa. Magurudumu yaelekee mbele kabisa, kwa maana bwati imetengenezwa ikaze zaidi katikati. Legeza ekuru inayoifunga, kaza buloni kidogo sana, pima, kaza tena kidogo, halafu funga ekuru. Kisha zungusha volani mpaka mwisho wa pande zote mbili. Lazima ipite bila kukwama. Kumbuka kwamba meno yanalika zaidi katikati, kwa kuwa gari inakwenda mbele kuliko inavyogeuka. Mtu akitaka kumaliza mchezo wote wa katikati, anakaza mno kwa pembeni, ambako meno hayajalika. Ndipo volani inakuwa nzito kwenye kona na hairudi yenyewe. Afadhali kubakiza 2 cm za mchezo kuliko kuwa na volani inayokwama kwenye mtelemko.

Jambo jingine dogo: ekuru ya rotili nyingi iko na tundu la kupitisha gupiye, ile pini ya kuzuia isifunguke. Gupiye ikitolewa, iwekwe mpya. Msumari si gupiye. Waya ya kufungia kuku si gupiye.

Wengine watasema: gari hizi zimetembea hivyo tangu zamani, mbona leo tunaogopa? Jibu liko katika barabara. Mwezi wa sita 2021, Congo na Uganda zilizindua mradi wa kutengeneza barabara ya Kasindi–Beni, 80 km, na Beni–Butembo, 54 km. Katika matope gari inakwenda 15 km kwa saa, na mchezo wa volani unachosha mikono tu. Mahali penye lami gari ile ile, yenye rotili zile zile, inakimbia 80. Kwa mwendo huo inapita mita 22 kila sekunde. Shofere akipoteza nusu sekunde akitafuta mahali volani inaposhika, gari imekwenda mita 11 bila mtu kuiongoza.

Zoezi kwa wanaopenda. Volani iko na kipenyo cha 38 cm na inacheza 6 cm. Ni digrii ngapi? Gari inakwenda 72 km kwa saa. Katika nusu sekunde inapita mita ngapi? Wapeni makapita wa darasa majibu kabla ya Ijumaa. Na wanaotaka kujifunza kupima kwa mikono, tukutane Jumamosi saa nane nyuma ya stoo. Leteni rula na chaki.

Mkuu wa wanafunzi, mwaka wa sita