Je, naweza kupiga vigelegele?

SWALI: Binti wa dada yangu anaimba kwenye tamasha la nyimbo za Krismasi pale All Saints' Cathedral. Kanisani kwetu Shauri Moyo kwaya ikiimba tunapiga makofi na vigelegele. Huko nitaaibika? — Mama Achieng'

JIBU: Mama Achieng', inategemea ni ibada au tamasha. Ukiona katika ratiba masomo tisa ya Biblia yakipishana na nyimbo, hiyo ni ibada. Ilianzia Truro, Uingereza, mkesha wa Krismasi wa 1880, na King's College ya Cambridge ikaichukua mwaka 1918. Katika ibada hiyo watu hunyamaza baada ya kila wimbo. Si maringo; somo linalofuata huanza papo hapo, na makofi yangelimeza.

Likiwa tamasha tupu, piga makofi, lakini ngoja mwongozaji ashushe mikono. Kimya cha katikati ya wimbo huwadanganya wengi. Vigelegele viweke kwa nyimbo zenye ngoma na kayamba, ambazo kwaya zetu hupenda kuziweka mwishoni; hapo hata wanaojifanya wastaarabu husimama.

Nyimbo za watu wote huandikwa hivyo kwenye ratiba. Simama uimbe, hata sauti ikikwaruza.

Fika mapema, maana matatu za Jogoo Road mwezi wa Desemba hazina huruma. Ukichelewa, ngoja mlangoni mpaka wimbo uishe. Na simu izime kabisa, hata kama unataka kumrekodi mtoto.