SOMO LA KILIMO: TUTA MOJA LA MAUA KATIKA BUSTANI YA MBOGA

Bustani yako ya mchicha na nyanya unaijua vizuri. Leo tujifunze zao lingine linaloweza kukaa humo humo: maua ya kukata na kuuza. Hatusemi mawaridi ya mashamba makubwa ya Arusha, yanayopelekwa Ulaya kwa ndege. Hayo yanataka gharama kubwa na vyumba vya baridi. Tunasema ua liitwalo zinia. Asili yake ni Mexico. Linapenda jua, na mbegu zake hupandwa moja kwa moja kwenye tuta, kama bamia.

Wapo watakaosema, "Ua haliliwi!" Ni kweli kabisa. Ndiyo maana tunashauri tuta moja tu, tena lisiwe lile la mboga ya watoto. Na kabla hujashika jembe, nenda ukaulize. Nani hununua maua ya kanisani? Wapambaji wa harusi pale mjini huyapata wapi? Wanapenda rangi gani, na wanalipa kiasi gani? Ukikosa mnunuzi, usipande. Nyanya isiponunuliwa mtakula nyumbani. Ua lisiponunuliwa linanyauka, basi.

Jambo kubwa ni tarehe. Maua ya Krismasi yakichanua tarehe 27 Desemba, nani atayataka? Zinia huanza kutoa maua siku 60 hadi 70 baada ya kupandwa. Penye baridi, kama milima ya Lushoto, huchelewa zaidi. Kwa hiyo chukua daftari uhesabu kurudi nyuma. Unataka kukata tarehe 23 Desemba. Ondoa siku 70. Siku 23 za Desemba, 30 za Novemba, zinakuwa 53. Zimebaki 17. Zitoe katika siku 31 za Oktoba: utapata tarehe 14 Oktoba. Andika tarehe hiyo. Mimi ningepanda nusu ya tuta siku kumi mapema, maana mvua na baridi havisomi daftari letu.

Tuta la upana wa meta 1 na urefu wa meta 5 linatosha. Changanya samadi iliyooza vizuri. Panda mistari mitatu, na kati ya mche na mche acha sentimeta 30. Utapata miche kama 48. Miche ikifika urefu wa sentimeta 25 hivi, kata ncha ya kila mmoja, juu kidogo ya majani mawili yaliyokabiliana. Utaona uchungu, lakini kata! Mche usiokatwa hutanguliza ua moja la katikati. Uliokatwa hutoa matawi mengi, na kila tawi lina ua lake.

Mwagilia chini kwenye shina, asubuhi. Majani yakilala na maji hupata magonjwa kwa urahisi.

Kukata kuna siri yake. Shika kikonyo sentimeta 20 chini ya ua, ukitikise. Kikiyumba kama uzi, bado. Kikisimama imara, kata. Zinia likikatwa bichi halitakomaa ndani ya ndoo. Kata alfajiri, kabla jua halijawa kali. Ondoa majani ya chini, kisha tia vikonyo katika maji safi papo hapo. Ndoo iwe imeoshwa kwa sabuni, maana maji machafu huozesha vikonyo haraka.

Maua mawili matatu mazuri yaache yakauke kabisa juu ya mche. Hayo ni mbegu za msimu ujao. Rangi zinaweza kubadilika, hasa kama mbegu za kwanza zilikuwa chotara za dukani.

SWALI: Harusi ni tarehe 30 Agosti. Maua yakatwe tarehe 28. Utapanda tarehe ngapi? Fanya hesabu katika daftari lako, kisha mlinganishe majibu na jirani.