VITONGE VYA NJUGU VISIVYOPIKWA: USALAMA WAKE NI JICHO LAKO NA MIKONO YAKO

Na Tabibu Wetu, Tibirinzi, Pemba



Wiki hii safu yetu inaingia jikoni. Mtoto anayerudi skuli mchana na kwenda chuoni alasiri huhitaji kitu cha kumshika tumbo. Wengi hupewa pesa wakanunua pipi na ubuyu wa rangi. Siku za Sikukuu, hapa kwenye viwanja vya kufurahishia watoto Tibirinzi, mambo huwa makubwa zaidi. Leo tujifunze kitafunio kinachotengenezwa nyumbani bila ya tanuri: vitonge vya njugu zilizosagwa, oti, tende na asali. Njugu ina protini na mafuta, oti ina nyuzinyuzi, na tende ina utamu wake wenyewe.

Lakini kabla ya vipimo kuna jambo la kulielewa. Chakula tunachokipika tukakila cha moto, moto huua vijidudu vingi vilivyoingia wakati wa kutayarisha. Vitonge hivi vikishachanganywa havirudi motoni tena. Vinatoka mkononi mwako vinaingia mdomoni mwa mwanao. Kwa hiyo njugu na mikono yako lazima viwe salama tangu mwanzo.

KWANZA: NJUGU ZENYEWE

Njugu iliyovunwa ikakaushwa vibaya, au iliyohifadhiwa penye unyevu, huota kuvu. Baadhi ya kuvu hao hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo kwa Kiswahili tunaiita sumukuvu. Hupatikana zaidi katika mahindi na njugu. Sumu hii haina harufu wala ladha ya kukutahadharisha, na moto wa jikoni hauimalizi. Ukizikaanga njugu zilizooza, kuvu atakufa lakini sumu aliyoiacha itabaki.

Madhara yake si ya kubuni. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao wakafariki. Mwaka 2016 ikatokea kwetu Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara: watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Hayo ni ya sumu nyingi kwa mara moja. Sumu kidogo kidogo kwa miaka mingi huleta saratani ya ini, na hatari huwa kubwa zaidi kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Ndiyo maana chanjo ya mtoto ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, ambayo ndani yake imo kinga ya homa hiyo, isikose hata moja.

Basi chambua. Zimwage njugu kwenye ungo penye mwanga, uzitazame moja moja. Ondoa iliyobadilika rangi, iliyosinyaa, iliyotobolewa na wadudu, iliyovunjika na yenye ukungu. Kuchambua hakuondoi sumu yote, lakini hupunguza sehemu kubwa, kwa sababu mara nyingi sumu hukusanyika katika punje chache mbovu. Ukiona ukungu umeenea au fungu zima lina harufu ya uvundo, usichambue, acha lote.

Mbovu usiwamwagie kuku wala usimpe ng'ombe. Sumu humdhuru mnyama, na ya ng'ombe hupita kwenye maziwa ikakurudia mwenyewe. Zifukie.

Hapa baadhi yetu husema: kutupa chakula ni israfu. Israfu ni kutupa chakula. Kilichoingia sumu kimeshatoka katika hesabu ya chakula. Mola wetu ametuamrisha tule kilicho halali na kilicho kizuri, yote mawili pamoja, na katika Suratul Baqarah, aya ya 195, ametukataza kujitia wenyewe katika maangamizo.

NENO KWA MUUZAJI

Imepokewa kwa Abu Huraira (R.A.), katika Sahih Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akatia mkono wake ndani na vidole vikakuta majimaji. Alipouliza, mwenye mali akajibu kuwa kilinyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamhoji kwa nini hakukiweka kilicholowa juu watu wakione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika yeye.

Tuitazame Hadithi hii kwa jicho la afya. Nafaka iliyolowa ikafichwa chini ya kavu ndipo hasa kuvu anapozaliwa. Ndugu yangu unayeuza njugu, gunia lililonyeshewa safarini lisichanganywe na kavu, wala mbovu zisipelekwe mashineni kwa kuwa zikisagwa hazitajulikana. Anayekula hatakushitaki, kwa sababu ini huugua baada ya miaka na mtu hatakumbuka alinunua wapi. Lakini Mwenye kujua anajua.

Nawe mnunuzi, nunua njugu nzima uzione, kisha usage mwenyewe. Njugu iliyokwisha kusagwa haikuonyeshi ilivyokuwa. Nyumbani zihifadhi mahali pakavu, juu ya kichanja na mbali na ukuta, hasa miezi ya masika.

PILI: MIKONO

Udhu ni ibada na ni usafi, lakini mkono uliotoka chooni au kumsafisha mtoto unataka sabuni. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Mtu akumiminie kwa kata ikiwa hakuna bomba. Sugua kwa muda wa kama sekunde 20, na usisahau baina ya vidole na chini ya kucha. Kucha ziwe fupi, na pete ivuliwe. Mwenye kuharisha au kutapika asitengeneze vitonge mpaka zipite siku mbili tangu apone, na mwenye kidonda mkononi amwachie mwengine.

MAHITAJI

Oti zilizobanwa, zile za kopo kama za Quaker, vikombe 2
Njugu zilizomenywa na kuchambuliwa, vikombe 2
Tende laini zilizotolewa kokwa, kikombe 1
Asali, vijiko vikubwa 3 au 4
Chumvi, chembe kidogo

NAMNA YA KUTENGENEZA

1. Kaanga njugu kavu kwa moto mdogo huku ukizigeuza mpaka zinukie. Ziache zipoe, zifikiche na upepete maganda. Tazama tena, kwani mbovu huonekana zaidi baada ya kumenywa.

2. Zitwange kwenye kinu kikavu au uzisage kwa mashine mpaka zitoe mafuta yake na kuwa laini. Utapata kiasi cha kikombe kimoja. Usitie maji.

3. Pasua kila tende utazame ndani kama kuna wadudu au ukungu. Ziponde.

4. Changanya njugu, tende, asali na chumvi, kisha tia oti kidogo kidogo. Finyanga vitonge vya ukubwa wa ndimu ndogo, uvipange kwenye chano safi na uvifunike nzi wasitue.

Oti za kopo hupitishwa kwenye mvuke kiwandani, ndiyo maana zinaliwa bila kupikwa tena. Usibadilishe ukatia unga mbichi wa ngano au wa mahindi, kwani unga mbichi huweza kuwa na vijidudu. Oti zikikosekana, tumia bisi ulizozitwanga mpaka zikawa laini.

Kwa nini tumekataza maji? Vijidudu haviwezi kuzaliana pakavu. Chakula dawa cha pakiti wanachopewa watoto wenye utapiamlo mkali hutengenezwa kwa njugu zilizosagwa bila ya kutiwa maji, ndipo kikakaa muda mrefu bila ya friji. Hata hivyo vitonge vyetu si badala ya chakula dawa. Mtoto aliyekonda au kuvimba miguu apelekwe kituo cha afya. Asiye na friji atengeneze vya kuliwa leo na kesho. Ukitia nazi mbichi, ni vya siku ile ile.

WA KUCHUKULIWA HADHARI

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwani huweza kuwa na mbegu za kijidudu kinacholegeza misuli yake hata pumzi. Mtoto wa chini ya miaka 5 asipewe njugu nzima, zinampalia. Mpe iliyosagwa laini, na mdogo zaidi ichanganyiwe ndani ya uji, kuanzia miezi 6. Mwenye kisukari akumbuke kuwa tende na asali nazo hupandisha sukari. Akila mtu njugu akavimba midomo au akabanwa na pumzi, huo ni mzio: mkimbize hospitali saa ile ile.

Mtoto anapokula, mfundishe kunawa, kusema Bismillahi na kutumia mkono wa kulia. Sisi wazee jukumu letu limetangulia, tangu pale ungoni. Punje moja mbovu unayoitoa leo ni sumu ambayo ini la mwanao halitaipokea.

Wabillahi tawfiq.