Chumvi na Hati: Jinsi Nyara za Mwindaji Zinavyofika Kwao

Mtu aendaye ng'ambo kuwinda kwa mara ya kwanza huwaza sana habari za bunduki, na huwaza kidogo tu habari za chumvi na karatasi. Lakini wako wawindaji waliopiga shabaha vizuri, wakarudi makwao kwa furaha, wakangoja nyara zao miezi na miezi, na mwisho wakaambiwa ya kwamba ngozi imenyonyoka manyoya njiani, au ya kwamba sanduku limezuiliwa na watu wa forodha. Mnyama amekwisha kufa na fedha zimekwisha kulipwa, wala hakuna faida iliyobaki. Hasara ya namna hii mara nyingi huanza kabla ya risasi ya kwanza kupigwa, na kwa hiyo yaweza kuzuiliwa na mtu apangaye mambo yake mapema.

Somo hili lafuata, kwa mfano, safari ya Mmarekani atakaye kuwinda nyati katika Tanzania, tangu barua yake ya kwanza mpaka siku ya kuzipokea pembe nyumbani kwake.

MFANO WA ZAMANI

Tarehe 21 Aprili, 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani mwezi uliotangulia, alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Safari yake ilikuwa ya kukusanya wanyama kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian katika mji wa Washington, naye alifuatana na wataalamu watatu wa elimu ya viumbe. Katika mizigo iliyobebwa na wapagazi mlikuwamo chumvi ya kuhifadhia ngozi, uzito wake tani nne. Roosevelt alijua ya kwamba ngozi isiyotiwa chumvi haitaiona Marekani.

Tangu siku zile mambo mengi yamebadilika. Kenya, ambayo zamani ilikuwa mlango wa wawindaji wa ng'ambo, ilipiga marufuku uwindaji wa namna hiyo mwezi wa Mei, 1977, na mwaka wa 1978 ikafunga pia biashara ya nyara. Marufuku hiyo ilithibitishwa tena katika sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013. Tanzania nayo ilisimamisha uwindaji mwaka wa 1973, ikaufungua tena mwaka wa 1978, na hata leo inapokea wawindaji chini ya sheria ya mwaka wa 2009. Basi mgeni asidhani ya kwamba jambo lililo halali upande mmoja wa mpaka ni halali upande wa pili.

KUCHAGUA MNYAMA

Kabla ya kuchagua bunduki, mwindaji hana budi kuchagua mnyama, kwa kuwa mnyama ndiye aamuaye hati zitakazotakiwa. Mataifa mengi yamefungwa na mapatano yaitwayo CITES, yaliyotiwa sahihi Washington tarehe 3 Machi, 1973, na kuanza kutumika tarehe 1 Julai, 1975. Mapatano hayo hayasimamii uwindaji wenyewe. Husimamia upitishaji wa viumbe na sehemu zao katika mipaka ya nchi. Viumbe vimepangwa katika orodha tatu. Katika orodha ya kwanza wamo wanyama walio katika hatari kubwa, na katika ya pili wale wawezao kuingia hatarini biashara yao isipoangaliwa.

Nyati wa Afrika hayumo katika orodha hizo. Ni mnyama mkali awezaye kumwua mtu, lakini hati zake ni chache. Chui yumo katika orodha ya kwanza. Mwenye kumtaka chui lazima apate kibali cha nchi yake cha kumwingiza, na kibali cha nchi ya uwindaji cha kumtoa, na ngozi yenyewe hufungwa kitambulisho chenye namba. Simba yumo katika orodha ya pili, lakini tangu Januari, 1996 ipite miaka 20, yaani mwaka wa 2016, Marekani inamlinda pia kwa sheria yake yenyewe na kutaka kibali cha pekee. Tanzania nayo hairuhusu kupigwa simba aliye chini ya umri wa miaka sita.

Tena nchi ya mwindaji yaweza kuwa imefunga mlango kabisa. Mwaka wa 2015 Australia na Ufaransa zilikataza kuingizwa kwa nyara za simba. Mwaka wa 2024 Ubelgiji ilipitisha sheria ya kukataza nyara za wanyama wengi walio hatarini. Watu wanabishana sana juu ya mambo haya. Wengine husema ada za wawindaji ndizo zilindazo mapori yasiyofikiwa na watalii wa picha, na wengine husema haifai kumwua mnyama kwa ajili ya kichwa chake. Mwindaji ana uhuru wa kuwa na shauri lake, lakini afisa wa forodha hafuati shauri la mtu. Hufuata sheria iliyo mbele yake.

MAPATANO YA MAANDISHI

Katika Tanzania mgeni haruhusiwi kuingia porini peke yake na bunduki. Huwinda katika kitalu kilichopewa kampuni yenye leseni, naye hufuatana na mwindaji bingwa pamoja na askari wa wanyamapori. Kila kitalu kina mgao wake wa wanyama kwa mwaka. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kampuni si bei, bali ni hili: je, mnyama huyu yumo katika mgao wenu wa mwaka huu, na amebaki kwa ajili yangu?

Swali la pili ni la fedha. Bei inayotangazwa mara nyingi ni ya siku za kukaa kambini tu. Nje yake zimo ada ya kila mnyama apigwaye, leseni, ndege ndogo ya kwenda kambini, kazi ya kutayarisha na kufunga nyara, nauli ya shehena, na malipo ya fundi wa kujaza ngozi. Mgeni afahamu pia ya kwamba mnyama aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa kuwa amepigwa, na ada yake hulipwa. Yote haya yaandikwe katika mapatano na kutiwa sahihi na pande zote mbili. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

MAANDALIO YA NYUMBANI

Mwaka mmoja kabla ya safari si mapema mno. Kibali cha kuingiza mnyama wa orodha ya kwanza chaweza kuchukua miezi kadhaa. Wakati huo huo mwindaji amchague fundi wa kujaza ngozi na wakala wa forodha. Fundi atamweleza jinsi atakavyo ngozi ichunwe, na wakala atamweleza hati zitakiwazo mahali shehena itakapoingilia. Anwani za watu hawa wawili ziandikwe katika vibao imara vya kufungwa kwenye kila nyara.

Mmarekani hana budi kuiandikisha bunduki yake kwa maafisa wa forodha wa kwao kabla ya kuondoka, ili akirudi asishukiwe kuwa ameinunua nje. Lazima pia apate kibali cha Tanzania cha kuiingiza kwa muda. Bunduki husafiri ndani ya sanduku gumu lenye kufuli, na risasi huwekwa mbali nayo. Kwa kawaida mashirika ya ndege hayapokei risasi zaidi ya kilo tano kwa abiria mmoja. Kila nchi ambamo atabadili ndege ina sheria zake, na hizo pia ziulizwe.

Kwa upande wa afya, amwone daktari apate dawa za kuzuia malaria, na aulize kama njia yake yamlazimu kuwa na cheti cha sindano ya homa ya manjano. Bima ya kuchukuliwa kwa ndege akiumia si anasa, kwa sababu hospitali kubwa iko mbali na kitalu. Mwisho, ajizoeze kupiga shabaha akiwa amesimama, bunduki ikiegemea miti mitatu iliyofungwa pamoja, kwa maana porini hakuna meza.

KAZI YA MCHUNAJI

Mnyama aangukapo, wageni hufurahi na kupiga picha. Lakini tangu dakika ile joto la mwili na joto la jua huanza kuiozesha ngozi. Vijidudu visivyoonekana kwa macho hula mizizi ya manyoya, na baadaye manyoya hutoka mafungu mafungu. Ngozi iliyoharibika hivyo haiponyeki kwa dawa yoyote. Basi picha zipigwe upesi, na mnyama apelekwe kivulini.

Kwa kichwa cha kutundikwa, ngozi haikatwi shingoni. Hukatwa nyuma ya mabega, kwa sababu fundi aweza kupunguza ngozi iliyozidi, lakini hawezi kuongeza iliyopungua. Ikiwa watu wa kambi ni Waislamu, nao watataka mnyama achinjwe ili nyama iwe halali, jambo hilo lizungumzwe mapema kwa heshima, kusudi watu wapate nyama yao na ngozi ya shingo isiharibike bure.

Mchunaji huondoa nyama na mafuta yote. Hugeuza masikio ndani nje, hupasua midomo kwa upande wa ndani, na kusafisha pua na kope. Mahali hapo padogo ndipo uozo hupenda kuanzia. Kisha husugua chumvi safi ya unga kila mahali, asiache hata ukingo mmoja. Desturi ya mafundi ni chumvi kilo moja hivi kwa kila kilo ya ngozi mbichi. Ngozi hulazwa mahali penye mteremko ili maji yatoke. Siku ya pili chumvi iliyolowa hukung'utwa, hutiwa nyingine kavu, kisha ngozi hukaushwa penye upepo na kivuli. Haifai kuianika juani, kwani jua huikausha juu na kuiacha ndani mbichi, nayo hupasuka. Fuvu huchemshwa, ubongo na nyama hutolewa, na pembe huvuliwa katika mifupa yake zikasafishwa.

Kazi hii mara nyingi hufanywa usiku kwa taa, wageni wakiwa wamekwenda kulala. Mwindaji mwenye busara hutembelea banda la mchunaji kila siku, huuliza kama chumvi inatosha, na humtambua kwa jina na kwa bakshishi yake. Katika picha mtu huyu haonekani, lakini bila yeye hapana nyara.

KUTOKA NA KUINGIA

Safari iishapo, askari wa wanyamapori huwa amekwisha kuandika mnyama, tarehe na mahali alipopigwa. Mwindaji asome maandishi hayo kabla ya kuagana. Nyara hazisafiri pamoja naye. Hupelekwa kwanza kwa watayarishaji, ambao huzitia dawa ya kuua wadudu, huzifunga katika sanduku, na kuzitafutia hati: ya kumiliki nyara, ya kuzitoa nchini, ya daktari wa mifugo, na ya CITES ikiwa mnyama yumo katika orodha. Jina la mnyama na idadi ya vipande havina budi kulingana katika hati zote. Pembe mbili zikiandikwa moja katika karatasi moja tu, sanduku laweza kuzuiliwa.

Mwaka wa 2015 mashirika kadhaa ya ndege yaliacha kuchukua nyara za wanyama wakubwa, kwa hiyo njia ya shehena iulizwe kabla sanduku halijafungwa.

Katika Marekani shehena hukaguliwa na maafisa wa wanyamapori katika viwanja na bandari maalumu, kama vile New York, Chicago na Los Angeles. Wizara ya Kilimo nayo huogopa ugonjwa wa miguu na midomo, ambao ukiingia huweza kuangamiza mali ya wafugaji. Kwa hiyo ngozi ya nyati ambayo bado haijatengenezwa hupelekwa moja kwa moja kwenye karakana iliyoidhinishwa, wala haipiti nyumbani kwa mwenyewe. Pembe na mifupa iwe safi kabisa, isiwe na chembe ya nyama.

Kutoka siku ya risasi mpaka siku ya kutundika kichwa ukutani yaweza kupita mwaka mmoja au zaidi. Mwindaji aliyepanga vema hangoji kwa hofu. Anayo nakala ya kila hati, anajua sanduku liko wapi na ni nani alishughulikiaye, na anajua ya kwamba ngozi iliyomo ilitiwa chumvi mbele ya macho yake. Yule nyati mzee aliyeangushwa amewapa watu nyama, amelipiwa ada yake, na pembe zake zimehifadhiwa. Kuua mnyama ni kazi ya dakika moja. Kuhakikisha ya kwamba hakuuawa bure ni kazi ya mwaka mzima, na kazi hiyo ni sehemu ya uwindaji.