SOMO: DINARI MBILI ZA MUSAMARIA
(Luka 10:30-35)



Musamaria hakuishia kwenye mafuta na divai. Alimupeleka mugonjwa penye nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili, akaahidi kulipa deni litakalobaki.

Sisi mashemasi tulikosa hapa. Tulimuombea mama mumoja hospitalini majuma matatu, tusijue kwamba amekwisha kupona. Fakture ndiyo iliyomufunga kitandani.

Tuangalie tena kifua kikuu. Dawa zake zinatolewa bure, na kwa kawaida zinamezwa miezi 6. Lakini feza ya njia, unga wa nyumbani na masomo ya watoto si bure. Kwa hiyo wengine wanaacha dawa mbele ya wakati, na ugonjwa unarudi na nguvu.

Basi tufanye hivi:

1. Tukimutembelea mugonjwa, tumuulize: "Fakture ni ngapi? Watoto wamekula?"
2. Kila juma tutoe sadaka ya wagonjwa, ihesabiwe mbele ya mashahidi wawili.
3. Tusimuambie mutu aache dawa kwa sababu tumemuombea.

Maombi na dinari zitembee pamoja. Amina.