Vidoa Vyekundu Visivyofifia

Mtoto akitokwa damu puani tunasema ni jua. Ufizi ukitoa damu tunalaumu mswaki, na vidoa vyekundu miguuni tunasema ni viroboto. Mara nyingi huwa ni hayo tu. Lakini dalili hizi zikija pamoja, na mtoto amepauka, ana homa, tena mwili una alama za bluu ilhali hakupigwa na mtu, tusikae nyumbani kutafuta mchawi.

Ndani ya mifupa mna uboho, ambao ndio kiwanda cha damu. Humo hutoka chembe ndogo sana ziitwazo chembe sahani. Tukijikata, hizo ndizo hukimbilia kuziba jeraha. Mtu mwenye afya huwa nazo kati ya 150,000 na 450,000 katika tone dogo la milimita moja ya mjazo. Kansa kali ya damu inapoingia, chembe nyeupe changa huzaliana ovyo na kuusonga uboho, kama magugu yanavyosonga mahindi. Chembe sahani huishi siku 10 hivi tu. Zisipopata za kuzirithi, hupungua upesi, na zikishuka chini ya 10,000 damu yaweza kuvuja yenyewe, hata ndani ya kichwa.

Bonyeza vidoa hivyo kwa glasi safi. Wekundu wa upele wa kawaida mara nyingi hufifia. Damu iliyovuja chini ya ngozi haifichiki. Ukiona hivyo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, uombe damu ihesabiwe. Hesabu ndogo peke yake si kansa, maana hata malaria huzipunguza chembe hizi. Kipimo cha uboho ndicho humthibitishia daktari.

Jambo moja tunalisisitiza kwa akina mama na akina baba: msimpe mtoto huyu aspirini, wala ibuprofeni, wala diklofenaki. Dawa hizi huzidisha kutoka damu. Msikubali pia achomwe sindano ya msuli katika duka la dawa.

Akilazwa, huenda akahitaji kuongezewa chembe sahani mara kwa mara. Hizi kwa kawaida hazikai kwenye jokofu kama damu nyingine, na baada ya siku 5 hadi 7 hazifai tena. Kwa hiyo damu iliyotolewa mwezi jana haitamsaidia. Wanaohitajika ni watu wa jumuiya walio tayari wiki hii, na wengine wiki ijayo.